Sauti Ipo, Picha Hakuna: Mashine ya Sebuleni Ipigwe Windo Mpya au Iachwe?

Jumapili jioni, Tabata. Mama kakaa kwenye kochi lake la karibu na dirisha, mtandio begani, anasubiri video ya sendofu ya mjukuu wake iliyofanyika Mwanza. Yeye hakwenda kwa sababu miguu ilimsumbua wiki ile, kwa hiyo hiyo video alikuwa anaiulizia kila siku. Flashi ikafika na mdogo wangu, nikaichomeka kwenye kompyuta ya sebuleni, nikachagua faili, vigelegele vikaanza, MC anachangamsha ukumbi, sabufa inatikisa vyombo vya kabatini, na tivi nyeusi tii.

"Mbona giza, mwanangu?"

Nikazima, nikawasha tena, nikarudia. Sauti ipo, picha hakuna.

Mtoto wa kaka yangu, yeye yuko chuo na mambo ya kompyuta anayajua, akasema bila kusita, "Bibi, hii mashine imezeeka, ni Windows 7 hii. Ipigwe windo mpya tu, mchana mmoja inaisha." Mama hakumjibu. Alinigeukia mimi, akauliza, "Na vya baba yako vitabaki?"

Lile swali limekaa na mimi wiki kadhaa sasa. Naandika kwa sababu nadhani kuna nyumba nyingi hapa mjini zenye mashine kama hii, na ushauri wote unaotolewa unaanzia kwenye mashine, hauanzii kwa mtu anayeitumia.

Mashine yenyewe

Mzee aliianzisha mwaka 2010. Desktop used ya Kariakoo, akaiwekea kadi ya tivi, kebo ya antena ikapita dirishani mpaka juu ya bati, na ndani ikawa na Windows 7, ile yenye Media Center. Waliowahi kuitumia wanajua: skrini ya bluu, maandishi makubwa yanayosomeka ukiwa mbali, na rimoti yenye kitufe cha kijani katikati, ukikibonyeza tu upo nyumbani. Video, picha, muziki, tivi, na kurekodi. Huhitaji mausi wala kibodi.

Mwili wa ile mashine ulishabadilishwa, tukapata desktop nyingine used yenye prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha nne, lakini mzee alisisitiza Windows 7 irudi vile vile na rimoti ile ile ibaki. Alafu Windows 10 ilipotoka Julai 2015, ikatolewa bure mwaka mzima kwa wenye 7 na 8, na kila siku kile kidirisha kinatokea pembeni kinakuomba ukubali. Mzee alikataa. Alikuwa amesoma kwamba ukikubali, Media Center inaondolewa, na ni kweli, Microsoft wenyewe waliliweka wazi hilo. Akasema kitu kinachofanya kazi yake hakifukuzwi.

Ndo mashine aliyotuachia.

Kila mtu na windo yake

Mtoto wa kaka anataka Windows 11. Kaka mwenyewe, ambaye yuko Mwanza, anasema tuachane na kompyuta, tununue kiboksi cha Android, kidogo, kimya, hakili umeme. Jirani anasema Windows 10 ndo iliyotulia. Mi nikaenda Kariakoo kumuuliza fundi ambaye familia yetu imemtumia miaka mingi, na huyu nilimpenda kwa sababu hakunichangamkia pesa.

"Dada, hii ni kizazi cha nne. Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu, na inataka ile TPM 2.0, kile kipande cha usalama cha ndani ya mashine, hapa haipo. Naweza kuiingiza kwa kuruka ule ukaguzi, itawaka, lakini apdeti za mbele siwezi kukuahidi."

"Na 10 je?"

"10 yenyewe si wameshaifunga Oktoba 14, 2025? Kuna mwaka mmoja wa nyongeza kwa wanaojiandikisha, mpaka Oktoba 2026. Baada ya hapo unarudi hapa hapa ulipo."

Nikatoka pale nikatembea mpaka Msimbazi nikiwa nafikiria. Windows 7 iliacha kupewa apdeti za usalama Januari 14, 2020. Kwa hiyo nilichokuwa naambiwa na jirani ni niitoe mashine kwenye mfumo uliofungwa niipeleke kwenye mfumo uliofungwa pia, na katikati nipoteze kitufe cha kijani. Hilo sikuliona faida yake hata kidogo.

Lakini bado video ya sendofu ilikuwa haionekani, na mama bado anauliza.

Picha ilikwama wapi

Hapa ndo mawazo yangu yaligeuka mara ya kwanza, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Nilichukua ile faili nikaiangalia sifa zake. Imerekodiwa kwa simu, na kodeki yake ni HEVC, ambayo wengine wanaiita H.265. Hii ni njia ya kubana video iliyopitishwa rasmi 2013, na inaweza kukupa picha ya ubora ule ule wa H.264, kodeki iliyoitangulia, kwa karibu nusu ya ukubwa wa faili. iPhone zinaitumia tangu 2017, na simu nyingi za Android siku hizi zinayo pia. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009. Haiwezekani ikaijua kodeki iliyozaliwa miaka minne baada yake, kwa hiyo Media Center ilifungua faili, ikaielewa sauti, ikashindwa picha.

Sawa. Lakini je, Windows mpya ingeijua?

Nikasoma, nikakuta kwamba hata Windows 10 na 11 kwenye mashine nyingi haziji na HEVC moja kwa moja, kuna kiongezeo chake kinauzwa dukani kwao kwa kama dola moja hivi. Yaani tungeweza kupiga windo mpya, tumalize bando, tupoteze siku nzima, mama akae tena kwenye kochi, na tivi iwe nyeusi vile vile. Hapo nilihisi baridi, kwa sababu tulikuwa karibu kabisa kufanya hivyo.

Jioni ile ile nikaweka VLC, programu ya kuchezea video, kwenye ile ile Windows 7. VLC inabeba kodeki zake yenyewe ndani, haiombi kwa mfumo. Nikafungua video.

Picha ikatokea.

Bi harusi mtarajiwa anaingia, shangazi zake nyuma, mama akapiga kigelegele peke yake pale sebuleni. Tukaangalia sehemu yote ya kwanza vizuri. Ilipofika sehemu ya pili, iliyorekodiwa kwa simu nyingine, picha ikaanza kukatakata, inasimama inaruka, sauti inatangulia. Ile ya pili ilikuwa 4K. 4K ni pikseli 3840 kwa 2160, mara nne ya ile 1920 kwa 1080 tuliyoizoea, na prosesa ya kizazi cha nne haina kile kipande cha ndani ya chipu kinachofungua HEVC. Kwa Intel, kipande hicho kilianza kukaa sawa kwenye kizazi cha sita, na cha saba ndo kikakamilika mpaka kwenye ile ya biti 10. Bila hicho, kazi yote inabebwa na prosesa kwa nguvu zake za kawaida. 1080p inaiweza, 4K inaelemewa.

Na hilo hakuna windo itakayolibadilisha. Ni chuma, sio mfumo.

Kwa hiyo nikawa na jibu la nusu: kilichotusumbua ile Jumapili hakikuwa umri wa Windows. Ningeweza kuishia hapo. VLC ipo, video za 4K nizipunguze kwenye laptop yangu kwanza ziwe 1080p za H.264, alafu ndo zije sebuleni, maisha yaendelee.

Sikuishia hapo kwa sababu mbili, na zote mbili zilikuwa zinanivuta kila upande wake.

Hofu ya kweli

Ya kwanza ni usalama. Kuna watu wanalichukulia hili kama kelele za kuuza kompyuta mpya, mi sikubaliani nao. Mei 2017 ilipokuja WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu ili walipe, ilipita kwenye mlango wa kushirikisha mafaili kwenye mtandao, haikuhitaji mtu abonyeze chochote, na mashine nyingi sana zilizoliwa zilikuwa ni Windows 7. Kinga yake ilikuwa imeshatoka miezi miwili kabla, Machi. Waliokuwa wameapdeti walipona. Sasa tangu 2020 mashine kama yetu haina hata huo uwezekano wa kupona, likitokea shimo jipya linabaki wazi.

Na ile mashine inashirikisha mafaili. Picha za familia nzima ziko mle, na simu zetu zote zinaingia kwenye WiFi ile ile.

Lakini nikajiuliza pia, kwa nyumba yetu, uchafu unaingiaje hasa? Hauingii kwa intaneti sana, bando lenyewe linahesabiwa. Unaingia kwa flashi. Flashi imetoka kwa mpiga picha wa harusi, ikapita stationery kuprinti kadi za mchango, ikaenda kwenye kibanda cha kurushia muvi, ikaja kwetu, na ukiifungua unakuta mafoda yote yamekuwa shotikati, vitu halisi vimefichwa. Hiyo kila mtu hapa Dar anaijua. Na virusi vya namna hiyo vinasubiri mtu abonyeze ile shotikati kwenye Windows, awe ni 7 awe ni 11. Anayebonyeza ni mama, akiwa peke yake, saa nne asubuhi, anatafuta video ya mjukuu. Hakuna apdeti inayomkinga na hilo kikamilifu.

Nikaona basi swali la usalama la nyumba hii sio "mfumo una umri gani", ni "kitu kibaya kikiingia na flashi kitakuta nini cha kushika".

Nililiandika hilo kwenye karatasi nikalibandika kwenye friji ili nisilisahau, maana watu wakianza kukushauri unapoteza swali lako mwenyewe.

Mkono wa mama

Sababu ya pili ni mama.

Sisi wote tunaondoka asubuhi. Yeye anabaki na msichana wa kazi ambaye muda mwingi yuko jikoni au uani. Mama akitaka kuangalia kitu anachukua rimoti, kijani, chini, chini, OK. Macho yake hayasomi vizuri maandishi madogo, lakini hasomi, anahesabu. Kijani, chini, chini, OK, hapo kuna video za watoto. Kijani, chini, kulia, OK, hapo kuna vya mzee.

VLC inataka mausi. Nilimpa mausi isiyo na waya, akajaribu kwa heshima tu ili nisijisikie vibaya, mshale ukampotea kwenye skrini, akaweka mausi mezani akasema atasubiri tukirudi. Pale niliumia. Mtu ambaye alikuwa anajihudumia mwenyewe tumemgeuza kuwa mtu wa kusubiri, kwa jina la kumboreshea.

Kwa hiyo nikajiwekea sharti moja ambalo sikulilegeza tena: chochote tutakachoweka, mama akiweze akiwa peke yake, bila miwani.

Daftari

Na vya mzee vilikuwa nini? Ntaeleza kwa wale ambao hamkuwahi kuwa na kadi ya tivi.

Media Center ilikuwa inarekodi tivi moja kwa moja kwenye diski. Ratiba ya vipindi vya stesheni zetu haikuwepo kwenye mfumo, kwa hiyo mzee alikuwa anaweka mwenyewe: chaneli, siku, saa ya kuanza, saa ya kumaliza. Faili zinaishia na .wtv, na jina la faili linabeba stesheni, tarehe na saa, kipindi chenyewe hakitajwi. Ndo maana alikuwa na daftari. Counterbook ya kawaida, mistari imechorwa kwa rula, tarehe, saa, kitu gani. Daftari linasema saa 2 usiku, faili linasema 20_00, ukishazoea unazioanisha haraka.

Mle kuna fainali ya CECAFA ya Desemba 12, 2010, Kilimanjaro Stars na Ivory Coast pale Uwanja wa Taifa, moja bila, penati ya Nsajigwa. Kuna sherehe za miaka 50 ya Uhuru, Desemba 9, 2011. Kuna mazishi ya Kanumba, yule mwigizaji wa filamu, Aprili 2012, viwanja vya Leaders mpaka makaburi ya Kinondoni, mama aliomba irekodiwe kwa sababu alitaka kulia tena siku nyingine akiwa ametulia. Kuna taarabu nyingi. Kuna taarifa za habari ambazo sijui kwa nini alizitaka, alafu unakuta katikati kwa sekunde chache anaonekana ndugu yetu mmoja kwenye umati.

Rekodi ya mwisho ni ya Desemba 31, 2012. Usiku ule analojia ilizimwa hapa Dar, tukaingia dijitali, kila mtu na king'amuzi chake, na ile kadi ya mzee ilikuwa ya analojia. Tangu hapo haijashika hata picha moja. Hakuitoa lakini. Ipo mpaka leo kwenye mashine.

Hapo unaelewa kwa nini mama hakumjibu mjukuu wake. Alisikia "windo mpya" akaelewa "diski inafutwa", na kwa wengi wetu ambao tumeshapeleka mashine kwa mafundi tunajua hofu hiyo haitoki hewani, mara ngapi mashine imerudi safi, ina kasi, na picha za watoto hazipo.

Nilikaa na hilo daftari jioni nyingi kuliko nilivyokaa na kompyuta.

Kujaribu bila kugusa

Kilichonitoa kwenye mkwamo ni kugundua kwamba naweza kujaribu kitu kizima bila kugusa diski.

Kuna programu inaitwa Kodi. Ilianzia kwenye Xbox ikiitwa XBMC, jina likabadilishwa 2014. Kazi yake ni hiyo hiyo ya Media Center: maandishi makubwa, rimoti, video, picha, muziki. Na kuna mfumo unaitwa LibreELEC, ni Linux, mfumo wa kompyuta tofauti na Windows, iliyopunguzwa mpaka ikabaki na kazi moja tu, kuwasha mashine na kufungua Kodi. Basi. Hauna braoza, hauna sehemu ya kuandikia barua. Faili lake la kupakua halifiki hata nusu GB, wakati la Windows linapita GB 5, na kwa anayenunua bando hiyo tofauti ni ya maana. Unauweka kwenye flashi, unawasha mashine kwa kupitia flashi, unachagua kujaribu bila kuinstoli, diski ya ndani haiguswi.

Nikasubiri mama alale. Kabla ya yote nikachomoa kebo ya diski ya mzee kabisa, ili hata nikikosea kubonyeza kusiwe na kitu cha kuharibu. Nikawasha.

Nilitegemea rimoti itakataa. Nilikuwa nimeshajiandaa kisaikolojia kwamba hapo ndo safari itaishia, kwa sababu rimoti ni ya Media Center, ina kipokeleo chake cha USB, ya enzi hizo. Nikabonyeza mshale wa chini, menyu ikashuka. Bila draiva, bila kuseti chochote. Kumbe kernel, yaani kiini cha Linux, ina draiva ya vipokeleo hivyo miaka mingi, watu wamekaa wakaiandika na kuitunza bila mtu kama mimi kujua. Vishale, OK, kurudi nyuma, sauti, vyote. Kitufe cha kijani nilikipangia mwenyewe baadaye kiwe kinarudisha mwanzo, kuna kiongezeo cha Kodi cha kupangia vitufe.

Kabla ya kuichomoa ile diski nilikuwa nimekopi rekodi moja ya mzee kwenye flashi nyingine, nikaichomeka. Faili la .wtv, taarabu ya 2011. Kodi inatumia FFmpeg, mkusanyiko wa kodeki, ambayo inalifahamu hilo umbo, na kwa kuwa zilirekodiwa kwa antena ya kawaida hazina kufuli lolote.

Likacheza. Nikapunguza sauti haraka nisimwamshe.

Nikajaribu na flashi ile ya sendofu, ambayo kwa kweli ilikuwa na shotikati za uongo tayari. Kwenye Kodi zilikuwa ni mafaili tu yasiyo na maana, hayachezi wala hayafanyi kitu, na video zenyewe zikaonekana pembeni yake. Nikakumbuka karatasi yangu ya kwenye friji.

Na kuna jambo moja la umeme ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa mpaka nilipolisoma. Kwenye LibreELEC mafaili ya mfumo yamebanwa kwenye kifurushi kimoja cha kusomwa tu, mashine haiandiki humo inapofanya kazi za kila siku. Umeme ukikatika ghafla, na hapa si unajua, hatari ya mfumo kuharibika inakuwa ndogo sana. Windows ikikatiwa umeme katikati ya apdeti ni habari nyingine. UPS yetu betri ilishachoka siku nyingi, kwa hiyo hilo lilikuwa na uzito kwangu kuliko hata suala la kasi.

Mama akajaribu

Asubuhi ya Jumamosi nikamkalisha, nikampa rimoti, sikumwambia kitu.

Akabonyeza kijani. Akaangalia. "Rangi imebadilika."

"Ndio mama."

Akashuka chini, chini, OK. Hakukuta watoto, alikuta muziki. Akanitazama. Nikaona wazi kwamba kama menyu haitafuata hesabu yake basi kazi yote ni bure. Nikachukua mchana mzima kupanga ile menyu upya, nikaondoa kila kisichohitajika, hali ya hewa, redio, michezo, nikaacha mistari michache, na nikaipanga ifuate mkono wake: chini mara mbili ni watoto, chini na kulia ni vya baba. Herufi nikaziongeza ukubwa.

Alivyojaribu tena hakusema kitu kuhusu rangi. Alifungua taarabu akaanza kuimba.

Mjukuu wake akasema, "Lakini shangazi, hii haina hata Chrome." Nikamwambia mwanangu, bibi yako lini ulimwona kwenye Chrome? Akakaa kimya, alafu akasema kitu cha maana sana, kwamba yeye alikuwa anafikiria kompyuta, hakuwa anamfikiria bibi. Namshukuru kwa hilo, na yeye ndo alinisaidia kupanga menyu.

Tulichoamua

Mashine haikupigwa windo mpya. Tulinunua SSD ndogo, diski ya chipu, Kariakoo, LibreELEC ikaingia huko. Diski ya Windows 7 imetolewa nzima kama ilivyo, imefungwa kwenye mfuko, imeandikwa kwa marker pen, ipo kabatini, na siku yoyote ikihitajika inarudishwa kwa kebo mbili. Rekodi za mzee zimekopiwa kwenye diski mbili za nje, moja inakaa kwangu, nyingine itaenda Mwanza kwa kaka. Intaneti haiunganishwi muda wote, nikitaka kuapdeti nawasha hotspot ya simu, ikimaliza nazima.

Kaka bado hakubaliani. Kwenye simu tulivutana sana, na kuna sehemu ana haki: kiboksi cha leo chenye chipu ya kufungua HEVC kingecheza ile 4K bila kutoa jasho, sisi bado tunapunguza video kwenye laptop kwanza. Nimemwambia tukiona 4K zimekuwa nyingi tutatafuta desktop used ya kizazi cha saba au cha nane, SSD inahamia huko na menyu yake, mama hatajua hata kama kuna kilichobadilika. Wakati huo huo nimewaomba ndugu wenye iPhone waingie kwenye Settings za kamera, sehemu ya Formats, waweke Most Compatible, video zije na H.264 ya kawaida. Baadhi wameweka. Shangazi mmoja ameniambia hataki kuguswa simu yake, na nimemwelewa.

Sasa hivi kazi iliyobaki ni ya daftari. Nimekuwa naoanisha mstari kwa mstari, na nimekuta kurasa za mwanzo, za miezi ya kati ya 2010, zina vipindi ambavyo faili zake hazipo kwenye diski yoyote tuliyo nayo. Mzee asingeandika kitu ambacho hakukirekodi. Mama anasema mashine ya kwanza kabisa, ile ya kabla ya kubadilishwa mwili, alipewa mjomba kule Kigamboni, na anadhani iko stoo na diski yake ndani. Nimeshampigia mjomba. Amesema haijawashwa na haijauzwa, nipande pantoni Jumamosi nikaichukue.